Billy Mitchell alikuwa sahihi, sasa mbona mahakama ilimkuta na hatia?

Kuna muvi ya zamani, ya 1955, inaitwa The Court-Martial of Billy Mitchell, kuhusu kesi ya kijeshi ya ofisa wa jeshi la Marekani aliyepigania jeshi la anga, na kila nikikutana na mtu aliyeiangalia tunaishia kubishana kitu kile kile. Yeye atasema wale majenerali walimwonea jamaa, alisema ukweli wakamfunga mdomo, historia ikaja kuwaumbua. Mimi namuuliza, haya, shtaka lenyewe lilisemaje? Hapo ndo anaanza kukuna kichwa. Na wala simlaumu, maana muvi imetengenezwa ili hilo swali likupite pembeni, na kesi halisi ya mwaka 1925 nayo ilikuwa uzi uliotatizika vilevile, mambo matatu manne yamefungwa fundo moja, kwa hiyo hebu tulifumue taratibu.

Nikuonye mapema, hii sio muvi ya kupeleka kibanda umiza. Mwanzoni ndege zinadondosha mabomu kwenye meli, unapata moto kidogo, baada ya hapo ni wazee wenye nyota mabegani wamekaa chumbani wanabishana kuhusu vifungu, na mwisho steringi anashindwa kesi. Sisi tumezoea steringi hafi, steringi hashindwi. Dairekta wake Otto Preminger mambo ya mahakama alikuwa anayajua tangu utotoni, baba yake alikuwa mwendesha mashtaka huko Austria na yeye mwenyewe alisomea sheria Vienna kabla hajazama kwenye sanaa, so usidhani alikosea kwa kutojua. Pale alipopindisha, alipindisha akijua.

William Mitchell, Billy kwa wenzake, alizaliwa Nice, Ufaransa, Desemba 1879, wazazi Wamarekani. Mtoto wa kishua kabisa. Babu yake alikuwa tajiri wa benki na reli kule Milwaukee, baba yake akawa seneta wa jimbo la Wisconsin. Vita na Hispania ilipozuka 1898 aliacha shule akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida, ana miaka 18, baadaye wakampeleka Alaska kutandaza nyaya za telegrafu kwenye baridi la kufa mtu. Kuruka na ndege alijifunza 1916, mtu mzima wa miaka 36, tena kwa hela yake mfukoni. Miaka miwili baadaye, Septemba 1918, kwenye vita kuu ya kwanza, ndiye anayepanga mashambulizi ya anga ya Saint-Mihiel kule Ufaransa, karibu ndege 1,500 za mataifa washirika chini ya mpango mmoja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Akarudi nyumbani na cheo cha brigedia jenerali na wazo moja kichwani ambalo halikumtoka mpaka anakufa: jeshi la anga lisimame lenyewe, lisiwe idara ndogo ndani ya jeshi la nchi kavu, na bajeti yake isipangwe na watu wa farasi na mizinga.

Sasa, bajeti ndo mzizi wa fitina yote. Vita imeisha, Kongresi inakata hela kila upande, na navy, yaani jeshi la majini, wao wanataka manowari kubwa za chuma ambazo moja tu inameza hela ya kununua ndege lundo. Mitchell akaanza kusema hadharani kwamba manowari hizo ni hela inayotupwa baharini, nipeni meli moja nizamishe kwa bomu muone. Wakacheka. Mwisho wakampa nafasi, Julai 1921, nje ya pwani ya Virginia, na meli iliyotolewa sadaka ilikuwa Ostfriesland, manowari ya Kijerumani ya tani zaidi ya 22,000 waliyoichukua baada ya vita.

Hapa panafaa pafafanuliwe kidogo, kwa sababu muvi inaanzia hapa na ndo msingi wa ugomvi wote. Vijana wa Mitchell waliangusha mabomu ya pauni 2,000, yaani kama kilo 900 kila moja, ambayo yalitengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo makubwa lililotua juu ya sitaha. Yalilipukia majini, ubavuni mwa meli, na hapo ndo palipokuwa na ujanja: maji hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mlipuko ikasukumwa na maji moja kwa moja kwenye tumbo la meli, chini ya ule ukanda wa chuma kinene, mabati yakaachana. Dakika ishirini na kidogo meli ikawa haipo. Inasemekana kuna wakubwa wa navy walilia machozi pale pale.

Ila navy nao walikuwa na hoja ambayo kwenye muvi inapita kama upepo. Makubaliano yalikuwa kwamba ndege zitapiga kidogo, zitasimama, wakaguzi watapanda kuona bomu limeharibu nini, halafu zitaendelea, kwa sababu kwao lile lilikuwa jaribio la kitaalamu. Mitchell akaligeuza kuwa maonyesho, akapiga mfululizo mpaka mtu azame. Pia meli imetia nanga, haina mabaharia wa kusukuma maji, haina wa kurusha hata risasi moja juu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, mmoja anasema ndege inaweza kuzamisha manowari, mwingine anasema hujatuonyesha kama inaweza kuzamisha manowari inayopigana. Picha iliyotoka magazetini ilikuwa ya meli inayopinduka, basi, mshindi akajulikana.

Kwenye muvi jamaa anatoka hapo, anaadhibiwa, anapelekwa Texas, kana kwamba yote ni msimu mmoja. Ukweli ni kwamba ilipita miaka minne. Katika hiyo miaka alizamisha meli nyingine, akaandika, akahutubia, akagombana na karibu kila bosi wake, na mwaka 1924 akawasilisha ripoti ndefu ya zaidi ya kurasa 300 kuhusu Pasifiki, ambayo tutairudia. Machi 1925 muda wake kama msaidizi wa mkuu wa idara ya anga ulipoisha hawakumwongezea, akarudi kwenye cheo chake cha kudumu cha kanali na kupelekwa San Antonio, Texas. Hapo wakubwa wakapumua, wakadhani wamemzika.

Halafu ikaja wiki ya kwanza ya Septemba 1925. Ndege ya majini ya navy iliyotoka San Francisco kwenda Hawaii ikaishiwa mafuta ikapotea baharini (wale watu walikuja kupatikana hai siku kadhaa baadaye, wamegeuza vitambaa vya mabawa kuwa tanga, stori ya peke yake hiyo). Tarehe 3 Septemba Shenandoah, lile dude refu la navy lenye umbo la sigara linaloelea kwa gesi ya heliamu, likavunjwavunjwa na dhoruba juu ya Ohio, watu 14 wakafa kati ya 43, akiwemo kamanda wake Zachary Lansdowne. Safari yenyewe ilikuwa ya kujionyesha kwenye maonyesho ya majimbo. Lansdowne alikuwa mzaliwa wa Ohio, anaijua hali ya hewa ya kwao, na alikuwa ameomba safari isogezwe. Waziri wa navy, Curtis Wilbur, badala ya kukaa kimya, akatoa kauli kwamba ajali hizi zinaonyesha bahari bado zinailinda Marekani dhidi ya maadui wa angani. Yaani watu hawajazikwa we unawafanya hoja.

Tarehe 5 Septemba alfajiri Mitchell akaita waandishi akawapa tamko la maneno kama 6,000. Mstari uliobaki ni ule wa kwamba ajali hizi zimetokana na kukosa uwezo, uzembe wa jinai, na uendeshaji wa ulinzi wa taifa unaokaribia kuwa uhaini, unaofanywa na wizara za vita na navy. Siku chache baadaye akarudia tena kwa waandishi, kuonyesha hakuteleza ulimi. Huyu mtu hakukamatwa, alijipeleka. Alitaka kesi, kwa sababu kesi ndo ingempa jukwaa ambalo Texas ilimnyima.

Shtaka sasa. Mitchell hakushtakiwa kwa kutaka jeshi la anga. Hakushtakiwa kwa uwongo pia. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 96 cha sheria za kijeshi za wakati ule, kile kifungu cha kapu, ambacho kinabeba fujo na uzembe wowote unaoharibu nidhamu, na mwenendo wowote wa kulifedhehesha jeshi. Makosa manane, yote yametoka kwenye yale matamko yake ya Septemba. Soma tena hicho kifungu uone mtego ulipo. Hakiulizi kama ulichosema ni kweli. Kinauliza, we ukiwa umevaa gwanda ulisema maneno haya? Na maneno haya yanaaibisha jeshi? La kwanza alishalijibu mwenyewe mbele ya waandishi. La pili, ukiita wizara zako mbili karibu wahaini kwenye magazeti ya nchi nzima, utajiteteaje? Ukiichukua hivyo, ile kesi ilikuwa ya nusu saa.

Ilichukua wiki saba. Na hapo ndo kazi ya wakili wake Frank Reid, mbunge wa Illinois, inapoonekana (kwenye muvi anaigizwa na Ralph Bellamy, na kaigiza vizuri). Reid aliona kwamba akipigana ndani ya kifungu amekwisha, kwa hiyo akapigana nje yake, akasema mteja wangu alisema kweli, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa kusema kweli kuhusu ulinzi wa nchi yake, tuleteeni ushahidi tuonyeshe kila neno. Mwendesha mashtaka anasema ukweli si hoja hapa. Muvi imejengwa juu ya huu mvutano, mlango wa ushahidi umefungwa, utafunguliwaje. Mahakama halisi iliwaacha mashahidi waje bila kukubali kwamba ukweli ungemtoa, kama vile mzee wa baraza anavyokuacha uongee yote moyoni mwako huku hukumu ameshaijua.

Mashahidi wenyewe walikuwa wazito. Eddie Rickenbacker, rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko Mmarekani yeyote kwenye ile vita. Carl Spaatz na Hap Arnold, maofisa vijana wa anga waliojua kabisa kwamba kwa kuja pale wanachoma kazi zao. Na Margaret Lansdowne, mjane wa kamanda wa Shenandoah, aliyesema mahakamani kwamba kabla hajatoa ushahidi kwenye uchunguzi wa navy alipelekewa karatasi iliyochapwa yenye maneno ambayo walitaka ayaseme. Fikiria hilo. Kwenye muvi huyu mama ni Elizabeth Montgomery, ndo muvi yake ya kwanza, na nadhani ndo sehemu pekee ambapo huwezi kusema Hollywood wameongeza chumvi, chumvi ilikuwepo tayari.

Benchi nalo lina kisa chake. Mahakama ya kijeshi haina hakimu kama huyu tunayemjua, unahukumiwa na maofisa wenzako wa juu, na hapa karibu wote walikuwa majenerali na hakuna hata mmoja aliyekuwa rubani. Kwenye muvi mwenyekiti ni Jenerali Guthrie, mtu wa kutungwa. Wa kweli aliyeteuliwa alikuwa Charles Summerall, na siku ya kwanza tu Reid akatoa ripoti ya zamani ambayo Mitchell aliuponda ulinzi wa anga wa Hawaii wakati huyo Summerall ndo kamanda wa huko. Mzee akawaka, akatoka, akawaambia waandishi kwamba yeye na Mitchell sasa ni maadui. Majenerali wawili wengine nao wakakataliwa, uenyekiti ukaenda kwa Robert Howze. Aliyebaki kwenye benchi na ambaye dunia ingekuja kumjua ni Douglas MacArthur, jenerali kijana kuliko wote mle ndani, ambaye baba yake alipigana vita ya wenyewe kwa wenyewe kikosi kimoja na baba yake Mitchell. Wiki saba amekaa anamwangalia mtoto wa rafiki wa baba yake. Kura ilikuwa ya siri, na miaka mingi baadaye MacArthur aliandika kwamba alifanya alichoweza kumsaidia. Hilo mwamini mwenyewe ukitaka.

Tuje kwa Gary Cooper, aliyemwigiza Mitchell. Cooper alikuwa na miaka 54, mpole, anaongea kama mtu anayehesabu maneno, na Mitchell halisi alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mwenye makelele, mtanashati, anapenda kamera, anaingia mahakamani na mkewe Betty kama wanaenda harusini. Muvi haina nafasi na Betty. Ukimfanya Mitchell mpole, tamko lake linakuwa kilio cha mtu aliyesukumwa mpaka ukutani. Ukimwacha kama alivyokuwa, unaanza kuwaelewa kidogo wale majenerali, huyu mtu alikuwa amewachosha miaka minne, na kwa dairekta hiyo ni hatari, maana mtazamaji atagawanyika.

Halafu anaingia Rod Steiger, muvi imeshaenda mbali, anaigiza Meja Allen Gullion, msaidizi wa mwendesha mashtaka, na kwa maoni yangu anamfunika steringi kabisa. Anamhoji Mitchell kwa sauti ya chini, taratibu, anakejeli utabiri wake mmoja baada ya mwingine, ukiwemo ule wa Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya navy kule Hawaii, kutoka angani. Mtu aliyekaa sinema mwaka 1955 alikuwa anajua kilichotokea tarehe 7 Desemba 1941, Gullion hajui. Kwa hiyo kila anapocheka ndo anajichimbia shimo, na mtazamaji anatoa hukumu yake palepale. Kiufundi ni kazi safi. Lakini angalia kilichofanyika: swali la kifungu cha 96 limebadilishwa kimyakimya, limekuwa swali la nani alitabiri sawa, na benchi linahukumiwa kwa jambo lililokuja kutokea miaka 16 baadaye.

Na huo utabiri wenyewe, ukiusoma bila ushabiki, ni wa kushangaza na una matundu. Ile ripoti ya 1924 inasema Japani itapiga Hawaii asubuhi saa moja na nusu, na Ufilipino nayo itapigwa, uwanja wa ndege wa Clark umetajwa kabisa. Pearl Harbor ilipigwa kabla ya saa mbili asubuhi. Nywele zinasimama. Ila Mitchell aliona ndege zikitokea visiwani, Niihau na Midway, baada ya Wajapani kuviteka, kwa sababu meli za kubeba ndege alikuwa anazidharau karibu kama alivyodharau manowari. Ndege zilizokuja 1941 zilitoka kwenye meli za kubeba ndege sita, silaha ya navy, wale wale aliowatukana. Clark nayo ikapigwa saa chache baadaye, ndege za Kimarekani zimepaki chini, na kamanda wa Ufilipino siku hiyo alikuwa Douglas MacArthur.

Hukumu ilitoka tarehe 17 Desemba 1925, siku ambayo ilitimia miaka 22 tangu ndugu wawili wa familia ya Wright waruke na ndege mara ya kwanza. Hatia kwa makosa yote. Hakufukuzwa, na hilo nalo linasahaulika, alisimamishwa cheo, kazi na mshahara kwa miaka mitano, na Rais Coolidge akapunguza, akasema apewe nusu mshahara. Ukikaa chini ukapiga hesabu ni adhabu ya ajabu, anabaki mwanajeshi, hana kazi, na mdomo bado umefungwa na gwanda. Akajiuzulu, Februari mosi 1926 akawa raia, akaendelea kuongea mpaka alipofariki New York, Februari 1936, akiwa na miaka 56.

Lakini pia swali kubwa, la jeshi la anga kujitegemea, halikuwa mikononi mwa ile mahakama hata kidogo. Coolidge mjanja alikuwa ameshaunda bodi ya Dwight Morrow ile ile Septemba, raia na wataalamu wa kusikiliza pande zote, na ripoti yao ikatoka mapema Desemba, wiki mbili hivi kabla ya hukumu: jeshi la anga la kujitegemea hapana, ila idara ipandishwe hadhi. Mwaka uliofuata ikaitwa Air Corps. Kwa hiyo wakati Reid anatoa jasho mahakamani kuthibitisha hoja ya Mitchell, hoja yenyewe ilikuwa inakatwa kwenye chumba kingine, kwa ukimya, bila waandishi mlangoni. Chumba hicho hakipati dakika yake kwenye muvi, na unaelewa kwa nini, nani atalipa tiketi aangalie bodi?

Baadaye mambo yakageuka jinsi watu wanavyopenda kusimulia. Ndege ya B-25 ikapewa jina lake, Mitchell, na tarehe 18 Aprili 1942 ndege 16 za aina hiyo ziliruka kutoka kwenye meli ya kubeba ndege ya navy kwenda kupiga Tokyo, sijui mzee angecheka au angenuna. Arnold, shahidi wake, aliongoza jeshi la anga lote la vita kuu ya pili. Mwaka 1947 jeshi la anga likasimama lenyewe, na mkuu wake wa kwanza akawa Spaatz, shahidi mwingine.

Muvi ikatoka 1955, watu wakatoka sinema wameshikwa na hasira, na miaka miwili baadaye mtoto wa Mitchell akapeleka ombi hukumu ifutwe. Hakulipeleka kwa majenerali wa farasi, alilipeleka kwa jeshi la anga lenyewe, lile lile ambalo baba yake aliharibu kazi yake kwa ajili yake. Bodi ya marekebisho ikapendekeza ifutwe. Machi 1958 waziri wa jeshi la anga, James Douglas, akasema inasikitisha ofisa aliyefanya makubwa kiasi kile kumaliza kazi yake namna ile, na hukumu akaiacha kama ilivyo.